Jiwe Lenye Kiu

Mwanza, ukimwambia mtu kwamba jiwe si la kuaminika
atakuonyesha Mabatini:
nyumba zimepanda migongo ya mawe, zimelala,
mbuzi juu, sufuria juu, watoto juu,
na hakuna aliyewahi kuota ameanguka.

Lakini kule Bukelebe, bondeni, karibu na matete,
jiwe halijionyeshi.
Limejilaza chini ya tope jeusi, mita mbili na kitu,
lina rangi ya majani yaliyokaushwa,
ukilikwaruza kwa ukucha linakubali.
Juu yake baba yangu, fundi Nkwabi Lugisha,
alijenga zahanati.

Mwaka wa pili mlango wa chumba cha kujifungulia ukagoma.
Masika ulikataa kufunga,
kiangazi ulikataa kubaki umefungwa.
Kisha ufa, mwembamba kama unywele wa kichanga,
kutoka kona ya dirisha kwenda juu,
ukipanda tofali moja kila msimu wa mvua.

Usipoziba ufa, walisema.
Baba aliziba.
Ukuta tukaujenga vilevile,
na ufa ukarudi, kama mgeni aliyesahau kofia.

Ndipo kijiji kikaanza hesabu.
Mifuko ishirini na minane ya saruji ya msingi:
mingapi iliingia chini,
mingapi ilikwenda Kisesa usiku kwa baiskeli?
Kwenye kikao hakuna aliyemwita mwizi.
Walimwita "mheshimiwa fundi",
na hiyo ilitosha.
Alitundika timazi kwenye msumari wa jikoni.
Ikaning'inia pale miaka kumi na mmoja,
kitu pekee nyumbani mwetu
kilichokuwa na hakika chini ni wapi.

Mimi nikasomea udongo.
(Shangazi: "Kwani utafinyanga vyungu?")
Nikarudi Bukelebe na mashine ya kuchoronga,
na vipande vya kioo nikavigandisha juu ya ufa:
kioo kikipasuka, ukuta umetembea.
Nikapima sakafu kona hadi kona,
nikapima tena, nikidhani nimekosea alama,
maana miaka yote tulitafuta panapozama
na hapakuwa na panapozama.
Nyumba ilikuwa inanyanyuliwa.
Upande wa dirisha, chini ya kitanda cha wazazi,
sentimita sita na nusu.

Mashariki, mikaratusi ilikuwa imenyonya ardhi ikasinyaa.
Magharibi, Nesi Holo, jioni zote za kiangazi,
ndoo mbili kwa maua yake chini ya dirisha,
ili mwanamke mwenye uchungu
awe na kitu chekundu cha kutazama.

Maabara, kipande kikavu cha jiwe lile
nilikifungia katika pete ya chuma, nikakinywesha.
Mshale wa kipimo ukasogea.
Nikaenda kulala.
Asubuhi ulikuwa bado unasogea.

Jumapili nikampelekea baba kipande kingine,
nikakitia kwenye beseni la kunawia, mbele yake.
Hakuvaa miwani. Alisikiliza kwanza,
kwa kuwa jiwe likinywa hutoa sauti ndogo,
kama kaa la moto lililochoka kubishana.
Likavimba. Likafumuka tabaka kwa tabaka,
likawa uji.
Akaingiza mkono, akautoa, akautazama.

"Ishirini na minane," alisema. "Yote iliingia."
"Najua, baba."
"Mwaga hii. Mbali na ukuta."

Nikamweleza habari za ripoti,
mikaratusi, ndoo mbili za jioni,
nani ataisoma, kikao kitaitwa lini.
Aliiteremsha timazi,
akaifuta masizi kwa kidole gumba, polepole,
kama mtu anayemfuta mtoto makamasi.
"Andika miti," alisema. "Andika jiwe.
Ya maua, Nesi asiambiwe.
Mchimbie bustani nyingine, kule getini.
Mwambie pale jua ni zuri zaidi."